AC imegoma kwenye joto kali, na fundi anasema gesi imeisha

Swali la msomaji:

"Shikamoo mtaalamu. AC ya chumba cha mama imegoma, na leo ni siku ya tatu ya joto kali. Ni ya ukutani, nguvu yake ya kupoza ni BTU 12,000, ina miaka sita, na haijaandikwa 'inverter' popote. Ndani inapuliza lakini hewa si ya baridi. Nje feni inazunguka, halafu kila baada ya dakika chache nasikia mngurumo mzito wa sekunde chache, 'ta!', kimya. Jana saa nane usiku iliwaka vizuri kwa karibu nusu saa, kisha ikarudia ugonjwa wake. Fundi nimempigia, na kabla hajaiona kasema gesi imeisha, atakuja kujaza baada ya siku tatu. Mama ana miaka 76 na anatumia dawa za presha, na mimi nina mtoto wa miezi mitano. Ndugu zangu wanasema ninunue mpya leo leo. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole. Umeieleza mashine yako vizuri kuliko wanavyoieleza mafundi wengi, kwa hiyo nitathubutu kusema jambo ambalo kwa kawaida silisemi kabla ya kuona kwa macho: sidhani kama tatizo lako ni gesi. Sababu nitakupa. Ila kwanza nenda kwenye breka ya hiyo AC uizime sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Ule mngurumo unaoishia na "ta!" ni kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi iliyo ndani ya kasha la nje, inayojaribu kuwaka ikashindwa, na kila ikishindwa inapikika kidogo. Huenda leo kilichokufa ni kifaa kidogo tu cha kuisaidia kuwaka. Ukiiacha ihangaike hivyo siku tatu mchana na usiku, fundi atakuta kompresa yenyewe imeungua.

Umeizima? Basi tumzungumzie mama, maana mashine inaweza kusubiri na yeye hawezi.

Tafuta kipimajoto cha ukutani ukiweke chumbani kwake, mbali na dirisha. Usikadirie kwa ngozi yako. Ngozi ya mtu wa umri wako na ya mtu wa miaka 76 hazitoi taarifa moja. Mzee hutoka jasho kidogo, huchelewa kuhisi kiu, na mara nyingi atakwambia "sijambo" hali mwili umeshaanza kuelemewa. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba kisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku. Hiyo 24 bila AC huenda usiifikie, usijilaumu. Lakini 32 ichukue kama mstari: chumba kikiuvuka na kukaa juu yake, mama asikae humo.

Akae wapi? Katika nyumba nyingi kuna chumba kimoja ambacho jua la alasiri halikifikii, na kama ni ghorofa, cha chini huwa na nafuu kuliko kile kilicho chini ya paa. Paa na kuta hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha ndani usiku, ndiyo maana chumba cha juu huwa kama tanuri hata saa nne usiku wakati nje pameshapoa. Mhamishie huko, godoro chini, bila kuona haya. Na kama kuna ndugu au jirani mwenye AC nzima, mpeleke akakae huko saa mbili tatu za mchana mkali. Si lazima ahamie. Mwili uliopata muda wa kupoa hukabili saa zilizobaki vizuri zaidi kuliko mwili ambao haukupumzika kabisa. Julai 1995, joto liliua zaidi ya watu 700 katika mji wa Chicago ndani ya siku chache. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi walikuwa peke yao majumbani. Kwa hiyo hata ukishampangia chumba kizuri, usimwache peke yake kutwa.

Madirisha yana kanuni moja ambayo watu huigeuza kinyume: fungua pale tu nje panapokuwa na ubaridi kuliko ndani. Mchana, hewa ya nje ikiwa nyuzi 36 na ya ndani 31, dirisha wazi linakuletea joto, hata kama upepo wake unafariji. Funga, shusha pazia, na kama unaweza tundika kitambaa au mkeka upande wa nje wa kioo chenye jua; jua likizuiwa kabla ya kupita kioo halina nafasi ya kupasha chumba, wakati pazia la ndani linalizuia likiwa limeshaingia. Jua likizama na nje pakipoa, fungua madirisha ya pande mbili zinazokabiliana, kisha feni moja iweke dirishani ikielekea nje. Ndiyo, nje. Itasukuma hewa ya moto itoke, na dirisha la pili litavuta hewa safi yenyewe.

Feni haipozi chumba, inapoza mtu. Inafanya kazi kwa kukausha jasho, na maji yanapogeuka mvuke hubeba joto jingi mno. Hewa ikishazidi nyuzi 40, feni inaanza kumpasha mtu badala ya kumpoza, na hapo ndipo Shirika la Afya Duniani linaposema izimwe. Kwa mzee asiyetoka jasho vizuri mimi naanza kuogopa mapema, kwenye 35 hivi, na dawa yake ni kumpa jasho la bandia: kitambaa kilicholowa maji ya kawaida, upanguse mikono, shingo, miguu na mgongo, kisha feni ipulize juu ya ngozi iliyolowa. Rudia kila ikikauka. Hewa ikiwa nzito yenye unyevu mwingi, mbinu hii hupungua nguvu kwa kuwa maji hayakauki haraka, lakini bado ni bora kuliko feni kavu.

Utaambiwa uweke beseni la barafu mbele ya feni. Weka kama inawafurahisha, ila ujue hesabu yake. AC ya BTU 12,000 ndiyo ile ambayo mafundi wa zamani waliiita ya "tani moja", na tani hiyo ni ya barafu: inaondoa joto sawa na kuyeyusha kama kilo 38 za barafu kila saa. Beseni lako la kilo tano ni sawa na dakika nane za AC. Barafu hiyo ni afadhali iwe ndani ya maji ya kunywa au kwenye kitambaa shingoni mwa mama. Na yule atakayependekeza mfungue mlango wa friji, mwambie friji hutoa joto kwa nyuma kuliko ubaridi linaotoa mbele. Chumba kitazidi kuwa cha moto.

Maji anywe kidogo kidogo mara nyingi, bila kungoja kiu, isipokuwa kama daktari alishamwekea kiwango cha maji kwa sababu ya moyo au figo. Na hizo dawa za presha: baadhi huongeza mkojo, na nyingine hushusha presha zaidi mwili unapopungukiwa maji. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako, ila leo hii mpigie daktari wake umuulize kama kuna cha kubadilisha siku hizi za joto. Angalia pia paketi imeandikwa itunzwe chini ya nyuzi ngapi. Nyingi husema 25 au 30, na droo ya chumba hicho imeshapita hapo.

Mtoto wa miezi mitano anyonye mara nyingi zaidi. Maji asipewe bado. Maziwa ndiyo maji yake hadi atimize miezi sita. Mvue, mwache na nepi au nguo moja nyepesi, na usifunike kitanda chake au kigari kwa kanga hata kama ni kwa kuzuia jua, kwa sababu ndani ya hicho kifuniko joto hupanda haraka. Nepi zikianza kukaa kavu muda mrefu, utosi ukibonyea, au akilegea na kukataa kunyonya, mpeleke hospitali.

Kwa mama, dalili ya kukurupuka nayo ni akili. Akianza kuchanganya maneno, kuyumba, kutokujua yuko wapi, kupoteza fahamu au kushikwa na degedege, hicho ni kiharusi cha joto na ni dharura ya dakika, si ya saa. Ita gari la wagonjwa, na wakati unangoja mvue, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu. Usimnyweshe kitu kama hayuko timamu, na usimpe parasetamoli ukitegemea imshushe. Joto hilo si la homa na dawa hiyo hailigusi.

Sasa mashine.

AC haili gesi. Neno "imeisha" limetufanya tuione kama mafuta ya gari yanayoungua yakamalizika, lakini gesi ya AC inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa pande zote, ile ile, mwaka baada ya mwaka. Kompresa inaikandamiza, kasha la nje linaipoza hadi inakuwa kimiminika, inapita kwenye kijia chembamba na kushuka presha ghafla, inachemka ndani ya koili ya ndani ikifyonza joto la chumba, kisha inarudi kwenye kompresa. Mashine iliyofungwa vizuri inaweza kumaliza maisha yake yote kwa gesi iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua maana yake imevuja, na kama imevuja kuna tundu, na kama kuna tundu basi kujaza bila kuliziba ni kununua gesi ya kupeleka hewani. Watalaumu joto, watalaumu umri wa mashine, lakini tundu halizibwi na lawama.

Ndipo tuje kwenye yako. AC iliyopungukiwa na gesi kwa kawaida inawaka. Kompresa inaanza kwa urahisi, tena inazunguka muda mrefu bila kupumzika kwa sababu chumba hakifikii ubaridi ulioamuriwa. Hewa ya ndani huwa na ubaridi wa mbali, si joto tupu, na katika AC nyingi za aina yako ukitazama bomba jembamba pale linapoungana na kasha la nje utaona jalidi nyeupe. Wewe hukuniambia jalidi. Umeniambia mngurumo, "ta!", na kimya. Hiyo ni kompresa isiyoweza hata kuanza: inavuta umeme mara kadhaa ya kiasi chake cha kawaida, inapata moto, kilinzi chake kinakata ndiyo hiyo "ta!", baada ya dakika kadhaa kilinzi kinapoa na kurudi, na mchezo unaanza upya. Umeme wa kuanzia ukiwa mdogo, au kifaa cha kuisukuma ianze kikiwa kimechoka, ndivyo inavyolia.

Na ile ya saa nane usiku ndiyo iliyonifanya nikae sawa kitini. Gesi haijui saa. Kama ingekuwa imevuja mchana, isingerudi usiku. Kinachobadilika saa nane usiku ni mambo mawili: nje pamepoa, kwa hiyo presha ndani ya mabomba imeshuka na kompresa ina mzigo mwepesi wa kuanzia, na majirani wamelala, kwa hiyo volti zimepanda. Mashine iliyo hatua moja tu kutoka kwenye kushindwa inaweza kuanza katika hali hiyo, ikafanya kazi kidogo, ikasimama, na ikitaka kuanza tena ikashindwa.

Mshukiwa wangu wa kwanza kwa hiyo ni kapasita. Ni kopo dogo, mara nyingi la rangi ya fedha, ndani ya kasha la nje, na kazi yake ni kuipa kompresa msukumo wa kuanza na nguvu ya kuendelea kuzunguka. Joto ndilo adui yake, hivyo hufa siku ambazo unaihitaji zaidi. Ubavuni imeandikwa uwezo wake kwa maikrofaradi. Kwa mashine ya ukubwa wako ni kama 30 au 35, pamoja na kiasi cha kupungua kinachoruhusiwa, mara nyingi asilimia 5. Fundi mwenye mita inayopima kapasita anaitoa, anaisoma, anakwambia "hii imeandikwa 35 na inasoma 22", na mjadala umekwisha. Ni moja ya matengenezo mepesi kabisa ya AC.

Lakini usiifungue wewe, hata kama umeona video inayoonyesha ni bisibisi moja tu. Kapasita hubaki na umeme ndani yake hata baada ya breka kuzimwa, na umeme huo unatosha kukuumiza vibaya. Hiyo ndiyo kazi moja katika jibu hili ninayokukataza.

Mshukiwa wa pili ni umeme wenyewe. Joto likipiga, AC za mtaa mzima huwashwa saa zile zile na volti hushuka. Kama nyumba yenu ni ya volti 230 na alasiri inasoma 200 au chini ya hapo, kompresa yako haina kosa, inanyimwa chakula. Kama mna stebilaiza yenye kioo cha namba, isome alasiri na uisome tena usiku, uandike. Kama hamna, fundi apime AC ikiwa inajaribu kuwaka, si ikiwa imezimwa, kwa sababu waya uliolegea kwenye maungio husoma vizuri kabisa hadi pale mzigo unapokuja.

Wa tatu ni kompresa kuwa imekwama au imeungua. Hapo ndipo gharama inapoanza kuwa kubwa, na hapo pia ndipo fundi mvivu hukimbilia haraka. Haihukumiwi kabla ya kapasita kubadilishwa na volti kupimwa.

Kuna mambo machache unayoweza kutazama mwenyewe breka ikiwa imezimwa. Filta za ndani zitoe uzioshe kwa maji, zikauke kivulini; hazitaponya mngurumo ule lakini fundi asikute uchafu wa kuchanganya hesabu zake. Kasha la nje lichungulie kwa nyuma. Likiwa limevaa blanketi la vumbi, limwagilie maji ya mpira kwa upole hadi mapezi, yale mabati membamba yaliyopangana, yaonekane, usitumie mashine ya kuoshea magari kwa sababu mapezi hayo hupinda kama karatasi. Ondoa ndoo, nguo zilizoanikwa na chochote kinachozuia feni kupuliza. Rimoti iwe kwenye alama ya chembe ya theluji, si ya feni. Mengine unayosikia, kama lile la kufunika kasha la nje kwa gunia lililolowa "ili lipoe", yaache. Gunia linaziba hewa, na hewa ndiyo inayolipoza.

Ukishamaliza, mpigie tena fundi, lakini safari hii umpe kazi iliyotafunwa nusu. Piga picha kibandiko cha kasha la nje umtumie: kina modeli, aina ya gesi, uzito wa gesi na umeme inaotumia. Kisha mwambie hivi: feni ya nje inazunguka, kompresa inanguruma sekunde chache na kilinzi kinakata, usiku iliwaka nusu saa, naomba uje na kapasita ya mashine hii na mita. Fundi aliyejaza ratiba siku za joto anapanga kujaza gesi kama kazi ya nusu siku, na kapasita kama kituo cha njiani. Nimeona siku tatu zikigeuka jioni ile ile kwa simu ya namna hiyo. Akisisitiza ni gesi bila kuja kuona, tafuta mwingine.

Na kama akija, akapima, akakuthibitishia kweli gesi imepungua? Inawezekana, mimi sikuiona mashine. Basi kazi ina mpangilio wake. Anatafuta tundu kwanza: kwenye nati za maungio ndipo hupenda kuvuja, na gesi ikitoka huacha alama ya mafuta mahali hapo. Anapiga povu la sabuni, au anajaza naitrojeni kwa presha na kuangalia kama inashuka. Akija na mtungi wa oksijeni kwa kazi hiyo mzuie mlangoni. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Tundu likizibwa, pampu inafyonza hewa na unyevu wote kutoka kwenye mabomba, na hilo ni suala la dakika nyingi, si la kuwasha na kuzima. Ndipo gesi inaingia, ile ile iliyoandikwa kwenye kibandiko, kwa kupimwa kwenye mizani hadi uzito ulioandikwa. Mizani, mwanangu, si sikio wala kushika bomba kwa kiganja.

Nasema hivyo kwa kuwa nami nilikosea. Nilipokuwa kijana kwenye kazi hii niliitwa mchana wa jua kali, mwenye nyumba amekasirika, watoto wanalia. Nikafunga mita, presha ikaonekana ya chini, nikaongeza gesi hadi mshale ukaniridhisha. Filta ya ndani sikuitazama. Kumbe ilikuwa imeziba kwa vumbi, na koili isiyopitiwa na hewa huonyesha presha ya chini hata gesi ikiwa kamili. Wiki iliyofuata mtu akaosha filta, gesi yangu ya ziada ikawa mzigo, na kompresa haikufika mwisho wa mwezi. Niliinunua nyingine kwa pesa zangu.

Kuhusu kununua mpya leo leo: hapana, isipokuwa kama kompresa imethibitika kufa. AC ya miaka sita si mzee. Na siku ya joto ndiyo siku mbaya kuliko zote za kununua, kwa sababu dukani zimebaki zile ambazo wengine walizikataa, na wafungaji wana haraka. Mashine iliyofungwa kwa haraka, bila mabomba kufyonzwa hewa vizuri, ndiyo itakayokurudisha kwangu mwakani.

Kama kweli imekufa, tazama gesi kwenye kibandiko. Ikiwa ni R22, usiihangaikie. Gesi hiyo inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, na nchi zinazoendelea nazo zinatakiwa ziwe zimeacha karibu matumizi yote ifikapo 2030, hivyo utakuwa unatengeneza mashine ambayo chakula chake kinapotea sokoni. Ikiwa ni R410A au R32, kubadilisha kompresa kunaweza kuwa na maana, ila iliyoungua huacha tindikali kwenye mabomba, na fundi asipoyasafisha, mpya nayo itaungua. Mimi kwa BTU 12,000 yenye miaka sita ningeuliza kwanza kama kompresa bado ina dhamana, maana mara nyingi dhamana yake ni ndefu kuliko ya mashine nzima. Usikubali kuuziwa ya BTU 18,000 kwa chumba kile kile "ili ipoze haraka". Itapoza haraka na kuzima kabla haijaondoa unyevu, na mama atalala kwenye chumba chenye baridi na majimaji. Wala usikubali gesi ya jikoni au nyingine inayowaka moto imiminwe kwenye mashine ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, hata ukiambiwa inapoza kuliko ya asili. Inapoza kweli, lakini iko juu ya kichwa cha mama yako.

Usiku wa kusubiri, feni zisiunganishwe zote kwenye waya mmoja mwembamba wa kuongezea, na kama umeme utakatika mkawasha jenereta, ikae nje mbali na madirisha. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na nyumba iliyofungwa kuzuia joto huihifadhi vizuri.

Ikishatengenezwa, subiri dakika tatu kabla ya kudhani haijawaka. Mashine hizi hujichelewesha zenyewe ili presha isawazike. Iweke kwenye 26 au 27 na feni ya chumba ikiwa imewashwa. Kuiweka 16 hakuifanyi ya aina yako, isiyo ya inverter, yaani ambayo kompresa yake haibadilishi kasi, ipoze haraka zaidi; kunafanya tu isizime. Kuta zilizokunywa joto siku tatu zitachukua saa kadhaa kulitapika, usimwite fundi arudi saa ya kwanza. Badala yake, baada ya robo saa pima hewa inayoingia juu ya kasha la ndani na ile inayotoka chini. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12, mlipe fundi wako na mama arudi chumbani. Na ile kapasita ya zamani usimwache aondoke nayo kabla hajakuonyesha kwenye mita. Nataka kujua ilisoma ngapi.